Msimhukumu Mama kwa Asilimia

Mwezi Novemba 2022, siku chache baada ya kutangazwa kwa matokeo ya sensa ya mwaka ule, nilimsindikiza mkwe wangu kliniki ya wajawazito. Nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na akina mama waliokuwa wakisubiri kupimwa uzito. Nesi akatoka na rundo la kadi mkononi, akaita jina moja. Akasimama mama mmoja wa makamo, amejifunga khanga mbili, akasogea. Nesi akaitazama kadi yake, akaona kwamba hiyo ilikuwa mimba ya sita.

“Mama, na wewe bado tu?” akasema kwa sauti ya kusikika na wote. “Nyinyi ndio mnaotupandishia asilimia. Redio husikilizi? Tatu nukta mbili!”

Benchi zima likacheka. Mama yule naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na pa kujificha. Akasema, “Samahani, sista,” akaingia ndani.

Mimi sikucheka, lakini pia sikusema neno. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu mstaafu, niliyewahi kutembea vijijini kama karani wa sensa, na nilijua kwamba lile lililosemwa halikuwa kweli. Nikanyamaza. Ninaandika makala haya ili kulipa deni la ukimya ule. Wala simwandami nesi. Yeye alirudia yale aliyoyasikia kwa watu wakubwa kuliko yeye, ambao huichukua namba moja ya kitaifa na kumtupia mwanamke mmoja usoni, kana kwamba ameizaa yeye.

Basi tuanze na hiyo namba yenyewe. Sensa ya Agosti 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Ile ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120. Tofauti ni watu milioni 16.8, yaani ongezeko la asilimia 37 kwa miaka kumi. Mtu akigawa kwa kumi atapata 3.7, na atashangaa kuona wataalamu wanasema 3.2. Sababu yake anaijua kila aliyewahi kukopa kwa riba: ongezeko la mwaka huu nalo huzaa mwakani. Watu huongezeka juu ya walioongezeka. Ukipiga hesabu kwa namna hiyo unapata asilimia 3.2 kwa mwaka. Kuna na hesabu ya mkato ya kujua watu watakuwa mara mbili baada ya muda gani: chukua 70, ugawe kwa asilimia hiyo. Sabini kwa 3.2 ni miaka ishirini na miwili hivi. Mtoto aliyezaliwa siku ya sensa atakapofikia umri wa kuoa, nchi yake, kasi ikibaki hiyo hiyo, itakuwa na watu mara mbili.

Hapo mtu hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Mwaka 1967 tulikuwa milioni 12.3. Katika miaka 55 tumekuwa mara tano. Ninayemlaumu ni yule ambaye akishashtuka tu humtafuta mkosaji, na mkosaji wake siku zote ni mwanamke mwenye mimba.

Idadi ya watu katika nchi yoyote ina milango mitatu tu. Mlango wa kwanza ni wa wanaozaliwa. Wa pili ni wa wanaokufa. Wa tatu ni wa wanaohamia na wanaohama. Asilimia ya ongezeko ni jumla ya mambo yanayotokea katika milango yote mitatu, na ukiitazama yenyewe peke yake haikuambii ni mlango upi uliofunguka zaidi. Nchi mbili zinaweza kuwa na asilimia ile ile kwa sababu ambazo hazina udugu wowote.

Tazama Qatar. Sensa yao ya 2004 ilihesabu watu 744,029. Ya 2010 ikahesabu 1,699,435. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 14 kwa mwaka, zaidi ya mara nne ya letu. Je, wanawake wa Qatar walizaa mapacha kila msimu? La hasha. Walishuka wanaume kwenye ndege, kutoka India, Nepal, Bangladesh na kwingineko, wakaja kujenga maghorofa na barabara. Mlango wa tatu ndio uliofunguka. Tazama na Ujerumani. Tangu 1972 kila mwaka wanaokufa huko ni wengi kuliko wanaozaliwa, lakini leo nchi hiyo ina watu zaidi ya milioni 83, wengi kuliko waliokuwapo wakati ule, kwa sababu ya wahamiaji. Anayesoma asilimia yao bila kuuliza habari za milango atadhani wazazi wa Kijerumani wanajitahidi.

Hata hapa kwetu mfano upo, tena wa karibu. Kati ya 2002 na 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu milioni 2.5 hadi milioni 4.36. Kasi yake ilikuwa asilimia 5.6 kwa mwaka, mara mbili ya kasi ya taifa zima. Kwa hesabu ya nesi yule, wazazi hodari nchini wangekuwa wanawake wa Dar es Salaam. Ukweli ni kinyume chake. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba mwanamke wa mjini alizaa wastani wa watoto 3.8, na wa kijijini watoto 6. Jiji lilikuwa likikua upesi kupita mahali pengi huku mabinti zake wakizaa wachache. Waliolijaza ni vijana walioshuka Ubungo na begi moja mkononi, wakitafuta kazi.

Sasa turudi kwenye ile 3.2, maana ndani yake mna jambo ambalo redio haikulieleza. Kati ya 2002 na 2012 kasi yetu ilikuwa asilimia 2.7. Kati ya 2012 na 2022 ikapanda hadi 3.2. Kila mtu aliyesikia hayo alisema: wanawake wanazidi kuzaa. Lakini tafiti zilizofanywa katika miaka hiyo hiyo zinasema vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa wastani wa watoto zaidi ya 6. Utafiti wa 2015 na 2016 ukakuta 5.2. Utafiti wa 2022, mwaka ule ule wa sensa, ukakuta 4.8. Yaani mama wa Tanzania amekuwa akipunguza, na asilimia ikapanda. Je, hilo linawezekanaje?

Linawezekana kwa sababu ya mlango wa pili. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2004 na 2005 ulikuta 112. Wa 2010, 81. Wa 2015 na 2016, 67. Wa 2022, 43. Chanjo, vyandarua vyenye dawa, dawa mpya za malaria, maji na dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, vyote hivyo vilifanya kazi. Watoto tuliokuwa tukiwazika wamebaki, na waliobaki wamehesabiwa. Sehemu ya ile asilimia tunayoilaani ni watoto ambao hawakufa. Anayesikitika kwamba asilimia imepanda aseme na hili: ni wangapi kati ya hao angependa wawe makaburini ili namba yake ishuke?

Kuna na sababu ya pili, ya umri. Zaidi ya watu wanne kati ya kumi nchini wako chini ya miaka 15. Mabinti waliozaliwa na mama zetu walipokuwa wakizaa sita na saba ndio wanaozaa leo. Hata kila mmoja akizaa wachache kuliko mama yake, wao wenyewe ni wengi, kwa hiyo watoto ni wengi. Hiyo ni kama gari lililokuwa likishuka mlima: dereva amekwisha kukanyaga breki, lakini gari haliwezi kusimama pale pale. Kumtukana dereva hakuongezi nguvu ya breki.

Na iko sababu ya tatu ambayo wenye kupenda namba hawapendi kuisikia: kuhesabu kwenyewe. Kasi ya ongezeko haipimwi kwa kifaa. Hupatikana kwa kulinganisha hesabu mbili zilizofanywa na makarani wenye miguu inayochoka. Sensa ya 2012 ilipata upinzani kwa baadhi ya Waislamu, ambao walikataa kuhesabiwa kwa kuwa dodoso halikuuliza dini. Ile ya 2022 ilikuwa na kampeni kubwa, ikiongozwa na Kamisaa wa Sensa, Mama Anne Makinda, na makarani walibeba vishikwambi badala ya makaratasi. Ikiwa hesabu ya kwanza iliacha watu nje na ya pili ikawakuta, kasi itaonekana imepanda hata kama hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezeka. Kwa hiyo kila nionapo asilimia kwenye gazeti huuliza kwanza: walihesabu vipi?

Swali hilo nalijua kwa sababu niliwahi kuwa mmoja wa waliohesabu. Mwezi Agosti 1988 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, na kama walimu wengi nilichukuliwa kuwa karani wa sensa. Nilipewa begi, penseli, vifutio na madodoso marefu, nikapangiwa kijiji kilichokuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka shuleni kwangu. Katika semina tulifundishwa kuuliza ni nani waliolala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, umri wao, kazi zao, na walikozaliwa. Kisha kulikuwa na maswali ya wanawake. Umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai? Wangapi bado wako hai? Wangapi wamefariki? Tulisisitiziwa mambo mawili: kwamba aulizwe mwanamke mwenyewe, na kwamba mtoto aliyelia hata mara moja ni mtoto aliyezaliwa hai.

Katika nyumba moja mkuu wa kaya alitupokea barazani, mimi na balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mkunjufu, mwenye majibu ya haraka. Nilipofika kwenye maswali ya wanawake nikamwita mkewe, aliyekuwa uani akipepeta. Mzee akajibu yeye.

“Sita. Andika sita, mwalimu.”

Nikamwomba radhi, nikachukua kigoda changu nikamfuata mama uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, watoto uliowazaa ni wangapi?”

Akasimamisha ungo. “Wote?”

“Wote, hata waliotangulia.”

“Na aliyelia mara moja akanyamaza, naye anaandikwa?”

“Anaandikwa, mama.”

Akaweka ungo chini, akaanza kuhesabu kwa vidole, akitaja majina polepole. Wawili hawakuwa na majina. Alipomaliza akasema, “Tisa. Wako sita.” Barazani mzee alikuwa kimya, na balozi alikuwa akitazama chini. Mama akaniangalia, akaniambia, “Tangu niwazike hao hakuna aliyewahi kuniuliza habari zao. Kumbe Serikali inawataka?”

Sikuwa na jibu. Nikaandika 9, nikaandika 6, nikaandika 3, nikashukuru, nikaenda nyumba ya pili.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kazi ya ile 3. Katika nchi ambamo watoto wengi huzaliwa na kufa bila cheti, hakuna daftari la kuulizia. Mtaalamu mmoja wa takwimu kutoka Scotland, William Brass, aliyefanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki mjini Nairobi kuanzia 1948, alibuni njia ya kuzunguka tatizo hilo. Aliona kwamba ukiwauliza akina mama watoto waliowazaa na waliofariki, kisha ukawapanga kwa umri wao, majibu yao yanakupa vifo vya watoto vya nchi nzima. Majibu ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 yanakadiria watoto wanaokufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Ya wanawake wa miaka 30 hadi 34 yanakadiria wanaokufa kabla ya miaka mitano. Njia hiyo imetumika Afrika, Asia na Marekani ya Kusini. Dunia ilijua kasi ya vifo na uzazi katika nchi maskini kwa sababu wanawake kama yule mama walikubali kuweka ungo chini na kuhesabu makaburi yao mbele ya kijana wasiyemjua.

Ndiyo maana maneno ya nesi yaliniuma kuliko alivyokusudia. Namba ile imetoka vinywani mwa akina mama. Wao ndio walioitoa, kwa uchungu. Kuichukua na kuwarudishia kama tusi ni utovu wa shukrani.

Najua nitaambiwa kwamba maneno makali yanahitajika ili watu waelewe. Wenye mawazo hayo wamepewa nafasi yao duniani, tena kubwa, na tumeona walichovuna. Thomas Malthus aliandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula, na waliomfuata wakapata sababu ya kuwanyima maskini msaada. Mwaka 1968 Mmarekani Paul Ehrlich alichapisha kitabu akitabiri kwamba mamia ya mamilioni ya watu wangekufa kwa njaa katika miaka ya 1970. Njaa ya kiasi hicho haikuja. Kasi ya ongezeko la watu duniani, iliyokuwa imepita asilimia 2 katika miaka ya 1960, ilianza kushuka, na leo iko chini ya asilimia 1. India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, iligeuza asilimia kuwa amri: katika mwaka mmoja zaidi ya wanaume milioni 6 walifungwa uzazi, wengi kwa kushurutishwa. Mwaka 1977 wapiga kura wakaiondoa serikali hiyo, na kwa miaka mingi baadaye wananchi wakawa na hofu hata ya huduma ya hiari. China nayo iliamuru mtoto mmoja kuanzia 1980 hadi 2015. Mwaka 2022 watu wake wakaanza kupungua, na leo serikali ile ile inawabembeleza vijana wazae. Korea Kusini, ambako miaka ya nyuma wazazi waliambiwa wawili wanatosha, mwaka 2023 ilikuwa na wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke, na fedha za serikali zinazotolewa kama zawadi ya kuzaa hazijaweza kuwashawishi. Zaidi ya nusu ya watu duniani sasa wanaishi katika nchi ambamo uzazi hautoshi hata kuwarithi wazazi wawili. Tumbo la mwanamke haliendeshwi kwa tangazo, la kuzuia wala la kuhimiza.

Maana wako na wale wa upande wa pili, wanaoishangilia asilimia kama goli. Kwao watu wengi ni nguvu, ni kura, ni heshima. Mwezi Septemba 2018 Rais John Magufuli, akihutubia wananchi mkoani Simiyu, aliwataka waachane na uzazi wa mpango, kwa hoja kwamba mwenye kufanya kazi kwa bidii anaweza kuwalisha watoto wake. Simkejeli marehemu. Lakini yeye na wanaotukaripia walikuwa wakifanya jambo moja: kuongea juu ya kichwa cha mwanamke, bila kumwuliza anataka nini. Na penye tamaa ya ukubwa, hesabu yenyewe huharibika. Nigeria ilitupilia mbali sensa ya 1962 na ile ya 1973 kwa ugomvi wa mikoa iliyotaka kuonekana mikubwa. Ya 2006 iliipa Kano watu milioni 9.4 na Lagos milioni 9, na serikali ya jimbo la Lagos ikajibu kwa hesabu yake yenyewe ya milioni 17.5. Jirani zetu wa Kenya, baada ya sensa ya 2009, walitangaziwa na waziri wao kwamba matokeo ya wilaya nane za kaskazini yamefutwa kwa kuwa yalipanda kupita kiasi. Kongo haijafanya sensa tangu 1984. Lakini utaona vitabuni asilimia ya Kongo imeandikwa na nukta yake, kama ya nchi nyingine zote, na msomaji hataambiwa kwamba hayo ni makadirio juu ya makadirio.

Sisemi kwamba idadi haina uzito. Nilifundisha darasa la wanafunzi zaidi ya mia moja, wengine wamekaa sakafuni, na sitamdanganya mtu kwamba nchi inaweza kuwa mara mbili kila baada ya miaka ishirini na miwili bila kuumia. Madarasa, mashamba, maji, vitanda vya wodi ya wazazi, vyote vinadai. Hoja yangu ni kwamba karipio halijawahi kupunguza kitu, na dawa inajulikana.

Itazame Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto karibu 8, na kasi ya nchi, karibu asilimia 4, ilitajwa kuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Wakenya walitukanwa katika mikutano mingi. Utafiti wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 3.4, na kasi kati ya sensa ya 2009 na ya 2019 ilikuwa asilimia 2.2. Hakukuwa na amri ya mtoto mmoja. Wasichana walikwenda shule, watoto waliacha kufa ovyo, na dawa na sindano za uzazi wa mpango zikapatikana karibu na nyumba. Hapa kwetu njia ni ile ile. Utafiti wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba mwanamke asiyesoma kabisa alizaa wastani wa watoto karibu 7, na aliyefika sekondari chini ya 4. Utafiti huo huo ulikuta kwamba zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa alitaka kupumzika au kuacha kuzaa, lakini hakuwa akitumia njia yoyote. Hao hawakuhitaji kuchekwa kwenye benchi. Walihitaji mtu wa kuwasikiliza chemba na dawa isiyokwisha ghalani. Na yule mama wa 1988, aliyezika watatu ili abaki na sita, angeniambia mapema, kama ningekuwa na akili ya kumwuliza, kwamba mzazi haanzi kupunguza kuzaa mpaka aamini kwamba aliowazaa wataishi.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Mwandishi wa gazeti atakapoandika asilimia ya ongezeko, aandike chini yake waliozaliwa, waliofariki na waliohama, ili msomaji aione milango yote. Kiongozi atakapoisoma jukwaani, aiseme kama deni lake yeye: nimeambiwa mko wangapi, nataka madarasa mangapi, vitanda vingapi, wakunga wangapi. Hiyo ndiyo sababu ya kuhesabiwa. Na nesi, dada yangu, atakaposhika tena kadi ya mimba ya sita, aulize kwanza swali nililofundishwa mimi mwaka 1988, aliulize taratibu, mlango ukiwa umefungwa: mama, umezaa wangapi, na wangapi wako hai?

Mama yule wa kliniki alitoka baada ya nusu saa, akapita mbele yangu akiwa ameficha kadi ndani ya khanga. Sijui amezaa wangapi, wala amezika wangapi. Hakuna aliyemwuliza pale benchini, na mimi niliyejua namna ya kuuliza nilikuwa nimeinamisha kichwa.